Barua za Sinema: Mama anaangalia kwa masikio

Anti, shikamoo. Matoleo mawili haya safu yako imekuwa fupi mno, na hujatuambia umeangalia nini wala nyumbani kukoje. Mara ya mwisho ulisema mama anasumbuliwa na macho. Anaendeleaje? Na tutafute filamu gani?
Msomaji wa siku nyingi, Tandika

Marahaba, na asante kwa kumuulizia mama. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kulalamika kuwa taa ya sebuleni ina ukungu, tukabadilisha balbu mara mbili. Kisha akawa anamimina chai pembeni ya kikombe, anasema mkono umekuwa mzito. Siku aliyoniita kwa jina la dada yangu nikiwa nimesimama mlangoni, hatua nne kutoka alipokaa, ndipo nilipojua kuwa hili si la balbu wala la mkono. Daktari alimmulika kwa kitochi kidogo akaniita nisogee nione. Katikati ya mboni, pale panapotakiwa kuwa peusi tii, palikuwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Tukapewa tarehe ya upasuaji, jicho la kulia kwanza. Ilikuwa ni kusubiri wiki saba.

Sasa mjue kuwa mama yangu ni mtu wa picha. Amekulia Kariakoo, na katika ujana wake Jumapili bila Avalon au Empire haikuwa Jumapili. Picha za Kihindi zaidi. Kihindi chenyewe hajui hata neno la kuombea maji, ila alikuwa na shoga yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la Wahindi na akaiokota lugha hukohuko dukani. Huyo ndiye aliyewekwa katikati ya mstari wa wasichana, anawanong'oneza kulia na kushoto. Mama anasema walikuwa wanamlipia tiketi kwa kuchangishana.

Kwa hiyo macho yalipofifia, mama hakutaka televisheni izimwe. Alipiga kochi kwa kiganja akasema, "Njoo ukae hapa, unisomee picha."

Wiki saba hizo nimemsomea picha karibu kila usiku baada ya Isha, na ndiyo sababu safu ilikuwa fupi. Tulianza na Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Mliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita mnaijua riwaya yake, ya Shafi Adam Shafi: Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, Yasmini binti wa Kihindi anamkimbia mume mtu mzima aliyeozeshwa kwake, anakutana na Denge, kijana wa harakati za kumwondoa mkoloni. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka uleule, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar.

Niliichagua kwa sababu ni ya Kiswahili, nikadhani kazi yangu itakuwa nyepesi. Na kweli maneno hayakumpa tabu. Bibi yake alikuwa mtu wa Unguja, na lafudhi ilipoanza tu mama alitabasamu kama mtu aliyesikia harufu ya mkate wa kumimina. Mwajuma, shoga yake Yasmini, alipoanza kusema, mama akaniuliza huyu anayecheza ni nani. Nikamwambia ni Siti Amina, ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu. "Basi," akasema, "anapumua kama mwimbaji." Mimi nilikuwa nimeiona filamu hiyo mara mbili kabla, na hilo sikulisikia.

Kilichonitesa ni kimya. Filamu ile ina vituo virefu ambavyo hakuna anayesema kitu.

"Mbona kimya? Umeme umekatika?"

"Haujakatika mama. Wanaangaliana."

"Wanaangaliana vipi?"

Nimeandika kuhusu filamu miaka kumi na moja na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Ningeweza kumjibu "kwa mapenzi" tukaendelea, ila lingekuwa jibu la uvivu, naye angelijua. Nikarudisha nyuma, nikaangalia upya. Nikamwambia, mmoja anamwangalia mwenzake, mwenzake anaangalia pembeni, halafu wanabadilishana. Mama akasema, "Ahaa. Bado wanaogopana." Tukaendelea.

Kwa hiyo ukiniuliza utafute filamu gani, nakujibu itafute hiyo, hata kama umeshaiona, na ukae na mtu umweleze. Habari ya jicho nitaimalizia chini.


Anti, nakaa hosteli Mabibo. Wenzangu wananicheka kwa sababu bado naenda kibanda umiza kuangalia muvi zilizotafsiriwa. Wanasema ni ushamba, mtu aliyefika chuo aangalie kwa Kiingereza chake. Mimi nikiangalia peke yangu kwenye simu sipati raha ileile. Nina tatizo gani?
Mwanafunzi, Mabibo

Huna tatizo, mwanangu, na usiache kwenda.

Watu wa umri wangu tulimsikia Lufufu, yaani mtafsiri Derek Mukandala, kabla hatujajua filamu hizo ziliitwaje kwao. Alikuwa anashusha sauti ya filamu, anashika maiki, anaanza. Sehemu ambayo Mmarekani amesema maneno matatu, yeye anayo dakika nzima: anakueleza huyu jamaa katokea wapi, ana deni na nani, na kwa nini huyu mwingine aliyeingia na koti ni wa kuogopwa. Steringi anafanywa kuwa mtu wa mtaani kwenu. Unatoka kibandani unajua habari za watu, huku wenzako waliosikiliza Kiingereza chao wametoka na milio ya bunduki. Baada yake wamekuja wengi, akina DJ Mack na vijana wengine ambao wewe unawajua kuliko mimi.

Nilikuwa naiheshimu kazi ile kwa mbali. Baada ya wiki saba za kochi naiheshimu kwa karibu. Jaribu siku moja kumweleza mtu filamu inapokwenda. Ukieleza aliyeingia, aliyekuwa ndani ameshatoka. Ukieleza nguo, umepitwa na kisu. Inabidi kuamua kila sekunde kipi kiachwe, na kuacha vizuri ndiyo kazi yenyewe. Usiku wa kwanza nilisema kila kitu mpaka rangi ya mapazia, mama akaniwekea mkono gotini, "Polepole, mapazia hayamuui mtu."

Yapo ninayoyachukia vilevile, na sitayafunika. Wapo watafsiri ambao kila mwanamke akitokea kwenye skrini lazima atukanwe ndipo kibanda kicheke. Kwenye hivyo vibanda, mabinti hawarudi mara ya pili. Wapo wanaoongea hata pale mtu anapolia kwenye kaburi la mtoto wake. Mtafsiri mwenye akili anajua pa kunyamaza. Halafu kuna pesa. Kibanda kinalipia umeme, kinalipia spika, kinamlipa kijana wa mlangoni, na aliyeumba filamu hapati hata senti, wakati sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Ningependa sana kuona watafsiri wetu wanapewa ruhusa rasmi na filamu zinalipiwa, wafanye kazi yao hadharani kama mafundi walivyo. Sioni kwa nini filamu ya kigeni iingie ukumbini Dar es Salaam bila Kiswahili hata cha maandishi ya chini, halafu mtu mzima aambiwe mshamba kwa kutaka kuelewa.


Mume wangu akishaangalia filamu ananihadithia mpaka mwisho wake, hata nikimwambia nami nataka kuiona. Nimemkataza, nimenuna, hasikii. Nifanyeje?
Mama wa Kigamboni

Kuhusu filamu, dada yangu, sina ugomvi mkubwa na mumeo. Mama yangu kabla hajakaa anauliza kwanza, "Steringi anakufa?" Nikimwambia hafi, ndipo anaegemea mto na kufurahi. Filamu nzuri inavumilia kujulikana mwisho wake.

Linalonisumbua ni hayo maneno yako: nimemkataza, hasikii. Hilo halihusu filamu tena. Usimkatishe akiwa katikati ya hadithi, maana hapo ameshanogewa. Mngoje siku ambayo hakuna filamu, labda mkiwa kwenye pantoni mnarudi nyumbani, umwambie polepole kuwa unaumia kusema jambo mara tatu katika nyumba yako mwenyewe bila kusikilizwa. Akikusikia, mtaangalia pamoja, na hata hamu yake ya kuhadithia itapungua kwa kuwa mtakuwa mmeona wote wawili.


Anti, watoto wangu (miaka 6 na 9) wananililia niwaonyeshe ile filamu ya simba, Mufasa, wenzao wote wameiona. Ni salama? Huyu mdogo ni mwoga.
Mama wa wawili, Kigogo

Kwa mtoto wa miaka tisa, mwonyeshe kesho. Kwa huyu mdogo nisikilize kidogo.

Mufasa ilitoka Desemba 2024, mwongozaji ni Barry Jenkins. Ni habari za utoto wa Mufasa: jinsi alivyopotezana na wazazi wake akiwa mdogo, akaokotwa na familia nyingine ya simba, akakua na mtoto wao kama ndugu, na jinsi undugu huo ulivyokuja kuharibika. Mzee Rafiki anamhadithia Kiara, mjukuu wa Mufasa, kwa hiyo hadithi nzima imekaa kama hadithi ya babu na mjukuu, na watoto wanaipenda kwa hilo.

Kinachomtenganisha Mufasa na wazazi wake ni mafuriko. Maji yanakuja kwa ghafla, yanamchukua mtoto, mama anabaki anaita. Umeniandikia kutoka Kigogo, na wewe na mimi tunajua Msimbazi unafanya nini mvua za masika zikikolea. Kama mtoto wako amewahi kubebwa mgongoni usiku maji yakiwa magotini, au ameona godoro la jirani linaelea, basi kile kipande kitamgusa mahali ambapo mtoto wa Masaki hapaguswi. Kiangalie wewe kwanza, kipo mwanzoni tu, huhitaji kumaliza filamu. Halafu amua. Ukimwonyesha, umpakate, umwambie mapema kuwa maji yatakuja na kwamba simba mdogo atatoka mzima. Kumwambia mapema hakuharibu chochote, mama yangu ni shahidi.

Sisi tuliiangalia na mtoto wa kaka yangu wa miaka minane, na usiku ule nilipokonywa kazi. Aliniambia, "Shangazi, wewe unachelewa," akajipenyeza katikati, akashika kidevu cha bibi yake akakigeuzia kwake. "Bibi, sasa kuna simba mweupe. Mbaya. Ana kovu? Hana. Ila mbaya." Alisimulia filamu nzima kwa sentensi za maneno manne manne, na mama hakuuliza swali hata moja kama anavyoniuliza mimi.

Alikwama kwenye majina tu. Yule ndugu aliyeharibika, ambaye baadaye ndiye Scar, yule mwovu wa The Lion King, utotoni anaitwa Taka. Mama akasimamisha kila kitu. "Mama gani anampa mwanawe jina la Taka?" Mtoto akasema labda ni taka ya kutaka. Mama akafikiri, akasema, "Hapo sawa. Mtoto aliyetakwa sana." Mpaka filamu inaisha na yule simba ameshakuwa mwovu, mama alikuwa bado anamhurumia kwa ajili ya jina lile, na nakiri kuwa nami nimeanza kumhurumia. Nchi wanayoitafuta inaitwa Milele, na pale hakuna aliyehitaji kuelezwa.


Ulisema kwenye simu (nilikupigia siku ile ya Sabasaba, utanikumbuka) kuwa kuna filamu ilikushinda kumsimulia mama. Ni ipi? Andika na wengine wajue.
Mpenda sinema, Mwananyamala

Nakukumbuka. Ni Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Niliiona kwanza ukumbini peke yangu, nikatoka nimenyamaza, nikapitwa na daladala mbili kituoni nikiwa nimesimama.

Ni Mississippi mwaka 1932. Ndugu wawili pacha, wote wanachezwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao na pesa zisizoelezeka, wananunua kiwanda cha zamani cha mbao wakigeuze ukumbi wa muziki kwa watu wao weusi. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa la blues kinyume na matakwa ya baba yake. Usiku wa ufunguzi wanakuja wanyonya damu.

Nilidhani hapo ndipo nitakapopata kazi ya kueleza. Mama akanikata: "Mumiani." Hadithi ya mumiani kalelewa nayo. Walikuwa wanakatazwa kuzagaa nje magharibi, na waliokuwa wakinong'onwa ni watu wa zimamoto na lile gari lao; hadithi hizo zilitembea enzi za ukoloni huku kwetu, Kenya na hata Uganda. Kwa hiyo kwake hapakuwa na jambo geni: mtu mweupe mpole anatokea usiku kwa Waafrika akiwa na shida ya damu.

Lakini mumiani wa filamu hii ana sharti. Haingii ndani mpaka akaribishwe. Anasimama nje ya mlango anabembeleza, anaimba, anasema maneno mazuri. Mama alikaa wima kwenye kochi, akashika mkono wangu mpaka ukauma. "Asijibiwe! Hodi yake isijibiwe!" Nimesoma maoni mengi kuhusu filamu ile na hakuna aliyenifungulia ule mlango kama yeye. Sisi tuliolelewa kwenye hodi na karibu tunajua kuwa neno la mwenye nyumba ndilo linalofungua, komeo linafuata baadaye. Kila mtu wa Uswahilini akiiona filamu hiyo ataogopa mahali ambapo wenyewe Wamarekani huenda hawakuogopa sana.

Kilichonishinda ni kipande cha muziki. Sammie anaimba, na katikati ya wimbo wanaanza kutokea pale ukumbini watu wasiokuwa wa 1932: wapiga ngoma wa Afrika ya kale, mtu wa gitaa la umeme, di-jei na santuri zake, vijana wanaocheza mitindo ya leo, na wahenga wa Kichina pia, kwa ajili ya wenye duka wa Kichina waliomo humo. Wote wanacheza pamoja. Nikaanza: mama, katokea mtu wa ngoma, sasa katokea mwenye gitaa, sasa yupo… Maneno yakaishiwa. Kila nililolisema lilikuwa limeshapita, na sauti yangu ilikuwa inamharibia muziki. Nikanyamaza. Nikachukua kiganja chake nikawa nagonga mdundo kwa vidole viwili mpaka kipande kikaisha.

Tulikaa kimya. Kisha mama akasema, "Wamepandisha. Wamepandisha wazee wao na wajukuu wao kwa pamoja."

Sikuwa nimemwambia habari za wajukuu.


Dada, mimi ni kijana wa Mbezi, nimetengeneza filamu fupi ya dakika 18 na nimekutumia kiungo chake. Naomba ukweli hata kama utauma. Nataka kuipeleka kwenye matamasha.
Mwongozaji mchanga, Mbezi

Kaka yangu, nimeiangalia mara mbili, na ukweli wako nimeuwekea muda kuliko barua nyingine zote.

Picha zako ni nzuri. Ule mwanga wa asubuhi unaopenya kwenye matundu ya bati umeungoja, inaonekana. Hapo sina neno. Mara ya pili nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikamwita mama, tukaisikiliza bila kuiona. Baada ya dakika tano mama akauliza, "Huyu mama na binti yake wapo nyumba moja au wanapigiana simu?"

Wapo jikoni, kaka. Wamesimama hatua mbili. Ila mama kaingia kwenye maiki na mwangwi wa ukuta, binti anasikika kavu, na kila ukibadilisha upande wa kamera mlio wa friji unakuja na kuondoka. Jicho linasamehe hayo. Sikio halisamehe, linajua mara moja kuwa watu hawa hawakuwa pamoja.

Siku nyingine zima friji kabla ya kurekodi, na weka funguo zako za nyumba ndani ya friji hilo, hutaweza kuondoka umeliacha limezimwa nyama za watu zikaharibika. Mafundi sauti wanafanya hivyo. Zima feni, mvumilie joto. Angalia saa za adhana na upange kipande cha kilio kisiangukie humo. Mkimaliza kila chumba, waombe wote wasimame kimya, urekodi dakika moja ya chumba kitupu. Hiyo ndiyo utakayoitandika chini ya maneno wakati wa kuhariri ili yasirukeruke. Maiki iwe karibu na mdomo, ya kamera usiitegemee. Na ile piano uliyoimwaga juu ya ugomvi wa jikoni, itoe. Najua umeiweka kufunika friji. Filamu zetu nyingi za Bongo zimeumia kwa muziki huo wa kufunika, mtu analia na huelewi analilia nini kwa sababu kinanda kinalia zaidi yake.

La pili ni maneno yenyewe. Mama wa kwenye filamu yako anakaanga samaki huku anamwambia binti, "Mwanangu, maisha ni safari yenye milima na mabonde." Nimekaa na wanawake wengi mbele ya karai la mafuta. Tunasema, "Sogea mafuta yatakurukia." Tunasema, "Hiyo elfu tano niliyokupa jana ipo wapi?" Hasira yote ya filamu yako imo ndani ya hiyo elfu tano, na hukuitaja, ukaenda kutafuta milima. Rudi mtaani na kalamu. Kaa kwa mama ntilie, kunywa chai taratibu, andika wanavyosema wao. Msikilize marehemu King Majuto: mama anacheka kabla yule mzee hajamaliza sentensi, kwa sauti tu, kwa vile anavyovuta neno moja na kulimeza lingine. Kisha itafute Binti ya Seko Shamte ya 2021, hadithi nne za wanawake wa hapahapa Dar, uisikilize bila picha kama nilivyofanya kwa yako.

Na jina. Filamu ya Kiswahili, watu wa Mbezi, samaki wa Feri, halafu umeiita kwa Kiingereza. Ipe jina ambalo mama yako atalitaja kwa majirani bila kujikwaa.

Usiipeleke kwenye tamasha bado. Rekodi upya sauti ya jikoni, ni siku moja ya kazi, halafu nitumie tena. Nitaiangalia siku hiyohiyo.


Nimalizie ya mama, kwa msomaji wa Tandika na wote mlioniulizia.

Jicho la kulia limefanyiwa. Walimtia ganzi, alikuwa macho muda wote, akatolewa ule ukungu na kuwekewa lenzi ya bandia. Alilala na bandeji usiku mmoja. Sasa ana matone mara nne kwa siku, haruhusiwi kuinama wala kusugua, kwa hiyo anaswali amekaa kwenye kiti, jambo linalomuuma kuliko jicho. Bandeji ilipofunguliwa hakusema chochote kwa muda. Kisha akaniuliza ukuta wa chumba chake umepakwa rangi lini. Haujapakwa. Ni mweupe tangu tuhamie, yeye alikuwa anauona wa krimu miaka yote hiyo. Na kanga aliyodhani ni nyeusi ni ya buluu.

Juzi ametaka turudie Vuta N'kuvute. Nilikaa pembeni yake kwa mazoea, nikafungua mdomo, akaniwekea mkono gotini. Tulipofika kwenye kile kimya, aliangalia. Halafu akaomba nirudishe nyuma, akafumba macho, akakisikiliza tena gizani, midomo yake ikicheza kidogo, anajisomea mwenyewe. "Ulinisomea sawa," akasema, "ila hukuniambia kuwa ni usiku."

Nilisahau kumwambia kuwa ni usiku.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Mpaka hapo bado upande mmoja ana ukungu, na bado ananiita kochini. Niandikieni filamu ambazo watu wake wanaongea vizuri, za Kiswahili zikiwezekana, za vichekesho zaidi. Mafuriko na mumiani tumeshapata vya kutosha.